Kutafuta Asili ya Babu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya jamaa mmoja wa wanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lodwar



 Halmashauri ilitutaka sisi, wajukuu wa askari mmoja wa zamani aliyehamia nchi hii, tueleze jinsi tulivyoitafuta asili ya babu yetu na mambo tuliyoyapata, ili kila mwanachama mwenye haja kama hiyo aone pa kuanzia. Tumekubali kwa sababu mbili. Kwanza, chama hiki cha msaada huzika wafu, huwauguza wagonjwa na kuwasomesha yatima; na kila afapo mwanachama aliyetoka mbali, swali linalotukabili mlangoni mwa marehemu ni hili: jamaa zake ni nani, nao wako wapi? Mara nyingi hapana ajuaye. Pili, katika habari za babu yetu mna jambo ambalo wazee wa Kiturkana wana haki ya kulisikia kutoka vinywani mwetu wenyewe, wala si kwa uvumi.

MANENO TULIYORITHI

Babu alifariki mwaka ambao Waturkana huuita Namotor, yaani mwaka wa ukame na njaa wa 1960 hadi 1961. Hakuacha barua hata moja. Aliyoyaacha ni maneno machache, yaliyopokewa na bibi, kisha na baba yetu, kisha na sisi. Kabla ya kumwuliza mtu yeyote wa nje tuliyaandika yote katika daftari, kila neno pamoja na jina la aliyelisema, bila ya kuongeza wala kupunguza. Yalikuwa manne. La kwanza, kwamba babu alikuwa Mswahili. La pili, kwamba alizaliwa mwaka askari walipokataa kwenda na Bwana Macdonald. La tatu, kwamba aliingia Turkana kabla ya maduka. La nne lilikuwa la huzuni: kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akilia "moyo, moyo", na majirani waliokuwa kando yake wakamsugua kifua kwa mafuta, wakidhani moyo unamwuma. Bibi siku hizo alikuwa malishoni akiokoa mbuzi waliosalia.

Neno la kwanza lilikuwa jepesi kutiliwa shaka. Zamani hapa Lodwar mtu yeyote aliyevaa kanzu, akasali na kusema Kiswahili aliitwa Mswahili, awe ametoka Pangani, Mumias, Kibera au Bombo. Ni kweli kwamba wako Waswahili waliofika pande hizi mapema. Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, alikuwa pamoja na Count Teleki na Luteni von Höhnel katika safari iliyofika kwenye ziwa letu mwaka 1888. Wageni wale walilipa ziwa jina la Rudolf, jina lililodumu hata lilipobadilishwa kuwa Ziwa Turkana mwaka 1975. Lakini jina la Mswahili peke yake halikutuonyesha njia yoyote. Lilikuwa vazi lililomfunika mtu asionekane.

Neno la pili ndilo lililotufungulia mlango. Watu wasioandika hawausemi mwaka wa kuzaliwa kwa tarakimu. Huusema kwa tukio. Tukauliza: ni Macdonald yupi, na ni askari wepi waliokataa? Historia yajibu bila ya utata. Mwaka 1897 Meja Macdonald alipewa amri ya kuongoza msafara mkubwa kutoka Uganda kuelekea kaskazini. Askari waliotakiwa kufuatana naye walikuwa Wasudani, waliochoshwa na vita vya mfululizo, mishahara midogo iliyochelewa, na kutengwa na wake zao na watoto wao. Walipofika Ravine walikataa kuendelea. Wakarudi hata Busoga, wakaishika ngome ya Lubwa, na vita vikaendelea mpaka mwaka 1898.

Askari hao nao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kusini ya Sudan, zama Misri ilipokuwa ikilitawala. Emin alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, wengi wa askari wake walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua waitumikie Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Watoto na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo, Kibera na miji mingine. Jina lilikuwa moja, lakini katika kambi zile mlikuwamo Wabari, Wakakwa, Wamakaraka, Wadinka na wengine wengi, waliounganishwa na dini moja, kazi moja na lugha moja ya kambini.

Basi yakaanza kutuelekea kwamba babu hakuwa mtu wa pwani, bali mtoto wa kambi ya Wanubi, aliyezaliwa mwaka 1897 au karibu nao. Hata hivyo, shahidi mmoja hamalizi kesi. Mtu wa kabila lolote aliyekuwa karibu na Busoga au Ravine angaliweza kuhesabu miaka yake kwa tukio lile. Tulihitaji shahidi wa pili.

SANDUKU LA SHANGAZI

Shangazi yetu, binti wa mwisho wa babu, aliolewa Kakuma na bado yu hai. Yeye ndiye aliyepewa na bibi sanduku la bati, na kwa miaka mingi hapana aliyemwuliza lina nini. Tulipomwuliza hakusita. Alitoa tasbihi, kisu kidogo, na nishani ya fedha iliyofungwa katika kitambaa, yenye sura ya mfalme upande mmoja. Juu yake pana kipande chembamba cha fedha kilichoandikwa jina la Afrika ya Mashariki na mwaka 1918.

Wanachama wenye vitu kama hivi majumbani na wasikie vizuri. Ukingoni mwa nishani za namna hiyo, mahali ambapo jicho halifiki upesi, hupigwa namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Tuliigeuza kwenye jua tukalisoma jina la babu, limeandikwa kama karani wa Kizungu alivyolisikia, na nyuma yake herufi za keya, yaani jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Kipande kile cha mwaka 1918 walipewa askari waliopigana katika vita vya Turkana vya mwaka huo. Kwa hiyo neno la tatu la urithi wetu likathibitika. Lodwar huhesabu biashara yake tangu mwaka 1933, Shah Mohamed alipofika ukingoni mwa Turkwel. Babu aliikanyaga nchi hii miaka 15 kabla yake. Aliingia kabla ya maduka, kama alivyosema. Lakini aliingia na bunduki.

Wazee wetu, hapa twaomba mtusikilize kwa subira, maana ndilo jambo tulilolitaja mwanzo. Vita vya 1915 na vya 1918, vile vilivyoitwa vya Labur, nyinyi hamhitaji kusimuliwa na sisi. Baba zenu waliongozwa vitani na Ebei, na Loolel Kokoi alikuwa mwonaji wao. Majeshi yalitoka pande mbili, keya kutoka kusini na askari wengine kutoka Sudan, na ng'ombe, ngamia, punda na mbuzi wakaswagwa kwa maelfu. Baada ya kunyang'anywa mifugo watu walinyang'anywa na silaha, na maadui wa pande nyingine hawakunyang'anywa zao. Nyumba nyingi za Turkana huhesabu umaskini wao tangu miaka hiyo.

Bibi yetu, ambaye sisi wajukuu tulimwita ata kwa desturi ya Kiturkana, alimwambia shangazi kwamba mwaka ule alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, na kwamba mbuzi wa baba yake waliochukuliwa hawakurudi. Miaka kama kumi baadaye aliolewa na mtu mmoja katika wale waliokuja na jeshi lile. Shangazi alimwuliza aliwezaje. Akajibu: "Bunduki aliirudisha kwa wenyewe. Yeye alibaki." Hakusema zaidi.

Sisi tu wajukuu wa aliyetumwa kuchukua na wa aliyechukuliwa. Baadhi ya jamaa zetu walishauri nishani irudishwe sandukuni na habari hii isitajwe mkutanoni, isije ikaharibu ujirani. Tuliona vingine. Mtu akitafuta asili kwa nia ya kujipamba, ataacha njiani kila kisichompendeza, na mwisho atafika kwa babu aliyejiundia mwenyewe. Tena wazee wa hapa walikwisha kujua. Walipoisikia habari yetu faraghani kabla ya mkutano huu, mmoja wao alicheka kidogo akasema kwamba walikuwa wakingoja tu tuikue.

CHAPA YA MIFUGO

Mzee huyo huyo ndiye aliyetusomea ushahidi wa tatu, ambao ulikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Kila mwanachama wa Kiturkana ajua kwamba ukoo hutambulikana kwa chapa, emachar, inayotiwa katika ngozi ya mnyama. Sisi tulikuwa na chapa yetu, na nyumbani tulidhani ni ya babu. Mzee aliitazama akasema: "Hii ni ya baba wa bibi yenu."

Maana yake alitueleza. Ndoa ya Kiturkana hutimia kwa mifugo, na mifugo ya mahari haitoki katika zizi la mtu mmoja. Hutoka kwa baba, kwa ndugu, kwa wajomba, na kwa marafiki wa kupeana wanyama, wale ambao kila mmoja humwita mwenzake lopae. Mtu asiye na ndugu atatoa wapi? Na mahari isipotimia, watoto huhesabiwa katika nyumba ya baba wa mama yao. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Babu alilipa alichoweza kwa mshahara wa askari, na wakwe zake wakawapokea watoto katika chapa yao. Katika jamaa za pwani na Bombo jambo hilo lingeonekana kuwa upungufu. Hapa lilikuwa hifadhi: njaa ilipokuja, watoto wa mgeni hawakuwa wageni.

Liko jambo jingine la kimila lililotufurahisha. Wanaume wa Turkana hugawanyika pande mbili, Ngirisae, yaani Chui, na Ngimor, yaani Mawe. Mwana hayumo katika upande wa baba yake. Huingia upande wa pili. Kwa hiyo babu na mjukuu hukutana upande mmoja, hukaa pamoja katika karamu na kula nyama pamoja. Wazee wa kale waliona kwamba mjukuu yu karibu na babu kuliko tunavyodhani, wakampa kiti kando yake. Sisi twasema kwamba kiti kile kina kazi pia: anayekikalia na aulize.

LUGHA YA KAMBINI NA WAZEE WA KAKUMA

Mwaka 1992 Kakuma ilifungua mlango kwa maelfu ya watoto wa kusini ya Sudan. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa na vita vya huko mwaka 1991, wakatembea tena kwa miguu mpaka mpaka wa Kenya. Baada yao walikuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na tangu mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yamewapokea wengine zaidi. Twaijua shida iliyoletwa na wingi huo, ya kuni, maji na malisho, na chama hiki kimesema juu yake mara nyingi. Leo twataka kusema juu ya faida moja ambayo hatukuitarajia.

Kutoka kwa babu tulikuwa tumerithi namna ya kuhesabu, ambayo baba alitufundisha kama mchezo: wai, tinen, talata. Tulikuwa na neno "moyo" la kilio chake. Na tulikuwa na jina fupi, Wani, ambalo bibi alimwita walipokuwa peke yao, nalo silo lililopigwa katika nishani. Shangazi alikuwa na jirani mmoja kambini, mzee wa Kibari aliyetoka karibu na Juba, na siku moja tulikwenda kumwamkia pamoja naye. Tulianza kuhesabu. Kabla ya kufika kumi mzee alikuwa akihesabu pamoja nasi. Kinubi cha Kibera na Bombo, na Kiarabu cha Juba wanachokisema watu wa Sudan Kusini, ni ndugu wawili waliozaliwa katika kambi zile zile za askari wa karne ya 19. Mwenye kimoja humfahamu mwenye kingine.

Tukamwambia habari ya "moyo". Mzee alinyamaza, kisha akauliza: "Je, mlimpa?" Tukamwuliza ampewe nini. Akasema: "Maji." Kwao husema moya, na Wanubi husema moyo. Babu alikuwa akiomba maji katika lugha ya mama yake, katika mwaka wa ukame, na waliomsikia walimsugua kifua. Shangazi alilia. Hatulisemi jambo hili ili kuwalaumu majirani wale, waliofanya wema kwa kadiri ya walivyosikia. Twalisema kwa sababu mzee akiugua hurudi katika lugha ya utoto wake, na nyumba isiyo na mtu mmoja wa kuifahamu lugha hiyo ina upungufu ambao chakula hakiuzibi. Chama kinachowauguza wagonjwa na kijue kila mwanachama alilelewa kwa lugha gani.

Jina nalo lilisema kitu. Wabari huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, na Wani ni jina la mtoto wa kiume wa tatu. Kwa jina hilo tulijua kwamba mama wa babu, katika kambi ya Busoga au popote alipokuwa, alihesabu watoto wake kwa hesabu ya watu wa lugha ya Kibari, na kwamba babu alikuwa na ndugu wawili wa kiume waliomtangulia. Majina hayo hutumiwa pia na jirani za Wabari wenye lugha moja nao, kama Wakakwa na Wakuku. Kwa hiyo hatujidai kijiji. Tumefika katika nchi ya kando ya Nile, pande za Lado na Rejaf, ambako Emin alikuwa na vituo vyake, na hapo tumesimama kwa adabu.

Tazameni basi mzunguko wa mambo. Mwaka 1897 askari wa Kisudani walikataa kutembea kwenda kaskazini. Mwaka 1918 mtoto wa kambi zao alitembea kaskazini hata Turkana. Mwaka 1992 watu wa nchi ya mababu zake walitembea kusini, wakafika Turkana hiyo hiyo wakiwa na njaa, na wajukuu wake wakawa miongoni mwa wenyeji waliowapokea. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Na wenyeji nao wasijione kuwa nje ya habari hii. Kakuma i kando ya mto Tarach, na bonde hilo ndilo la Nayeche, yule mwanamke wa Kijie aliyetoka Karamoja akimfuata fahali wa kijivu, Engiro, akaikuta nchi yenye matunda na majani, na watu wakamfuata wakawa Waturkana. Kilima cha Moru Anayeche kina jina lake hata leo. Waturkana wanaitukuza asili yao kwa habari ya mhamiaji, tena mama mzee aliyekuja peke yake. Yamkini ndiyo sababu ya wao kumpokea askari asiye na ndugu.

MAKARATASI YA SERIKALI

Baadhi ya wanachama wameuliza kama Serikali haina makaratasi. Inayo, lakini lazima mtu ajue pa kuyatafuta. Nchi ya Turkana haikuwa siku zote chini ya Nairobi. Mkoa wa Rudolf ulitolewa Uganda ukatiwa Kenya mwaka 1926. Kwa hiyo habari za kabla ya mwaka huo zatafutwa pande zote mbili, Kenya na Uganda, na za baada yake katika Hazina ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo mna taarifa za kila mwaka za wilaya na taarifa ambazo Bwana Shauri mmoja alimwachia aliyempokea kazi.

Tena wilaya hii ilikuwa imefungwa. Kwa sheria ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, mgeni hakuweza kuingia bila ya ruhusa. Ndiyo maana Serikali ya kikoloni iliwaleta huku watu iliotaka wasionekane. Mzee Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa hapa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Kufungwa huko kulikuwa dhuluma, lakini kwa mtafutaji kuna faida: ambaye babu yake alikuwa mfanyabiashara, karani, fundi au mpishi aliyekuja kutoka nje, huenda alipewa ruhusa, na ruhusa huandikwa. Waliofanya kazi mashambani na mijini walibeba kipande tangu sheria ya mwaka 1915 ilipoanza kutumiwa, mpaka kilipokomeshwa mwaka 1947. Kipande kile kilichodhalilisha shingo za baba zetu kilikuwa na jina, kabila, wilaya na tajiri aliyemwajiri mtu.

Haya si mambo ya kupitisha wakati. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliuliza mtu amezaliwa wapi, na mmoja wa wazazi wake amezaliwa wapi. Wanubi wa Kenya wanajua uzito wa swali hilo, maana vijana wao waliitwa mbele ya halmashauri za uchunguzi kuonyesha vyeti vya wazee wao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba haki za watoto wa Kinubi zilikuwa zimevunjwa. Katika jamaa yetu, jibu la swali la mwaka 1963 halikutoka kwa babu mwenye nishani. Lilitoka kwa bibi asiye na karatasi yoyote, aliyezaliwa katika nchi hii na watu wa nchi hii. Anayetafuta asili ya babu na asimpite bibi njiani.

MAAGIZO MACHACHE KWA WANACHAMA

Kwa kifupi, haya ndiyo tungependa kila jamaa ifanye. Kwanza, andikeni maneno ya wazee kama walivyoyasema, pamoja na jina la msemaji na siku. Pili, msiwaulize mwaka, waulizeni tukio. Mzee atakayeshindwa kusema 1980 atasema Lopiar, mwaka uliofagia kila kitu, nanyi mtajua. Tatu, ulizeni wanawake: shangazi, bibi, mama wakwe. Wanaume hukumbuka vita na safari, bali wanawake hukumbuka majina, nani alizaliwa baada ya nani, na nani alimnyonyesha nani. Nne, kusanyeni majina yote ya mtu, ya dini, ya nyumbani, ya fahali wake, na ya utani, maana kila jina laweza kuwa mlango. Tano, tazameni vitu: chapa, nishani, vyombo, makaburi. Sita, msiamini jambo kwa shahidi mmoja. Saba, msifiche lenye aibu, lakini mwenye habari awe radhi kwanza kabla haijasemwa hadharani.

OMBI LETU

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi. Twaomba chama kinunue daftari mbili kubwa zenye jalada gumu, moja ikae Lodwar na moja Kakuma, na katika kila moja iandikwe habari ya kila mwanachama apendaye: alikotoka, majina ya wazee wake hata kizazi cha tatu, lugha aliyolelewa nayo, na jamaa wa kupelekewa habari siku ya msiba. Twaomba vijana watatu waliosoma wachaguliwe, mmoja wao awe Mturkana, waende kwa wazee wasioweza kufika mkutanoni. Na twaomba daftari ya Kakuma iwe wazi kwa wakimbizi wanaotaka. Vijana waliofika mwaka 1992 sasa wana mvi, na wengine wao wana wajukuu waliozaliwa kambini, ambao hawajauona mto wala mti unaotajwa katika hadithi za nyumbani kwao. Watoto hao watauliza, kama sisi tulivyouliza. Heri waulize wakati wa kujibu bado yuko.

Nishani ya babu tumeileta. Tumeafikiana na shangazi kwamba isitundikwe ukutani, bali ikae pamoja na daftari ya Lodwar, na kando yake yaandikwe mambo yote mawili: jina la aliyepewa, na habari ya mbuzi wa baba wa bibi. Tunaikabidhi kwa Bwana Katibu mbele yenu.